Shati jipya, la mtumba au la fundi: ulinganisho kwa anayetaka kuchagua

Nimetandaza mezani mashati matatu meupe ya mikono mirefu. La kwanza ni jipya, limetoka kwenye mfuko wake wa nailoni wiki hii. Lebo iliyo ndani ya kola inasema limeshonwa Bangladesh, pamba asilimia 60, polyesta asilimia 40. La pili ni la mtumba. Lebo yake imefuliwa mpaka maandishi yamefutika; imebaki namba ya saizi na kipicha cha pasi chenye nukta mbili. La tatu limeshonwa na fundi. Halina lebo, ila ukiligeuza ndani nje utaona kwenye pindo mstari wa chaki ya bluu ambao sabuni bado haijaumaliza.

Anayetaka shati huuliza kwanza bei, na ni haki yake. Lakini bei ya siku ya kununua ni swali moja kati ya mengi. Shati litadumu muda gani? Fedha uliyotoa inamfikia nani? Likichakaa linakwenda wapi? Nimevaa aina zote tatu kwa miaka mingi, na nimejitahidi kuzifuatilia nyuma mpaka kiwandani na shambani, kwa sababu mtu anayejua nguo yake imepita wapi hachagui kwa kubahatisha.

Jambo moja nalisema mapema. Tumezoea kuziona hizi kama njia tatu za watu watatu tofauti. Ukizifuata utakuta ni barabara moja ndefu, na kila shati limeshukia kituo chake. La mtumba liliwahi kuning'inia dukani likiwa jipya. Kitambaa cha fundi mara nyingi kimeshushwa kutoka kwenye meli zile zile zinazobeba mashati mapya. Na shati jipya la leo, baada ya miaka miwili mitatu, huenda ndilo litakalofungwa kwenye robota. Unapochagua, unaamua kupanda barabara hiyo katika kituo gani, na kila kituo kina watu wake.

Shambani na kwenye kisima cha mafuta

Hapa mashati yote matatu ni ndugu. Pamba nyingi ya dunia hulimwa China, India, Brazil na Marekani. Kwenye nyanda za Texas, kuzunguka mji wa Lubbock, mashine moja yenye dereva mmoja huvuna eneo ambalo kule Mali au Benin familia nyingi zingelichuma kwa vidole kwa majuma. Pamba mbegu huenda kiwanda cha kuchambua, mbegu hutengwa, na pamba nyuzi hufungwa marobota. Robota moja la Marekani lina kilo zipatazo 220. Baada ya hapo mkulima hajulikani tena. Viwanda vya kusokota uzi huchanganya marobota ya mashamba mengi, hata ya nchi mbalimbali, ili uzi utoke wa namna moja. Ndiyo maana lebo inakutajia nchi iliyoshona na kunyamaza kuhusu nchi iliyolima.

Na mashamba hayo hayajawahi kushindana kwa haki. Mwaka 2002 Brazil iliishitaki Marekani kwenye Shirika la Biashara Duniani kwa ruzuku inayowapa wakulima wake wa pamba. Brazil ikashinda, na mwaka 2014 Marekani ikakubali kulipa dola milioni 300 kumaliza shauri hilo. Mwaka 2003 Benin, Burkina Faso, Chad na Mali nazo zilipeleka kilio hicho hicho. Wakulima wao walikuwa wanauza pamba yao katika soko ambalo bei yake ilikuwa imeshushwa na fedha za hazina ya nchi nyingine.

Polyesta haina mkulima. Iligunduliwa mwaka 1941 na Waingereza wawili, John Whinfield na James Dickson, na hutokana na mafuta ya petroli. Leo ni zaidi ya nusu ya nyuzi zote zinazozalishwa duniani, kwa hiyo swali la pamba au polyesta litakukuta kokote utakakonunua. Pamba hunyonya jasho na hukunjamana. Polyesta hukauka upesi, haisumbui kupiga pasi, ila hubana joto na harufu ya kwapa huing'ang'ania hata baada ya kufuliwa. Nguo ya mtumba isiyo na lebo na kitambaa cha fundi kisicho na maandishi unaweza kuvipima mwenyewe: chomoa uzi mmoja kwenye pindo, ushike kwa kibanio, uuwashe kiberiti. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Polyesta huyeyuka, hutoa moshi mweusi, na kuacha punje ngumu. Zikija zote mbili, ni mchanganyiko.

Shati jipya: unamlipa nani?

Kwa nini lebo imeandikwa Bangladesh? Kuanzia 1974 nchi tajiri zilijiwekea mkataba uliopanga kiwango cha nguo ambacho kila nchi inayoendelea iliruhusiwa kuziuzia. Korea Kusini ilipobanwa na kiwango chake, wenye viwanda wake walitafuta nchi ambayo nafasi yake bado ilikuwa wazi. Mwaka 1978 kampuni ya Desh ya Bangladesh iliingia mkataba wa ushirikiano na kampuni ya Daewoo ya Korea, na mwaka uliofuata wafanyakazi wapatao 130 wakapelekwa Busan kujifunza kukata, kushona na kupanga kazi ya kiwanda. Waliporudi, wengi wao baada ya muda waliondoka na kuanzisha au kuendesha viwanda vingine. Mkataba ule ulipokoma tarehe 1 Januari 2005, wengi walitabiri kwamba China ingemeza kazi yote. Bangladesh ikaendelea kukua. Leo nguo huiletea zaidi ya asilimia 80 ya mapato yake ya mauzo ya nje, na watu wapatao milioni 4, wengi wao wanawake, wanaishi kwa cherehani hizo.

Shati hili halikushonwa na mtu mmoja. Mmoja alishona kola, mwingine akapachika mikono, mwingine akafungua matundu ya vifungo. Yupo aliyeshona mfuko wa kifuani tu, mfuko huo huo kutwa nzima, huku idadi anayotakiwa kufikisha kwa saa ikiwa imeandikwa ubaoni mbele ya mstari wake. Ukilitazama shati la namna hii kwa karibu utakuta kazi safi sana. Mishono imenyooka kuliko ya fundi yeyote ninayemjua, na kushoto na kulia havitofautiani hata kwa nywele.

Sasa fikiria bei. Pamba ina bei ya soko la dunia. Mafuta yanayotengeneza polyesta yana bei ya dunia. Usafiri nao umeshakuwa rahisi mno tangu Malcom McLean, mfanyabiashara wa usafirishaji wa Marekani, alipopakia makontena 58 kwenye meli ya Ideal X mwaka 1956 na kuyapeleka kutoka Newark hadi Houston. Kontena moja la futi 40 leo hubeba makumi ya maelfu ya fulana, kwa hiyo kila moja inalipia nauli kidogo tu. Mnunuzi mkubwa akimwambia mwenye kiwanda ashushe bei, mwenye kiwanda hawezi kumshusha mkulima wa Texas wala mwenye meli. Anachoweza kukibana ni ujira, saa za kazi na usalama wa jengo.

Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza huko Savar, nje kidogo ya Dhaka, liliporomoka. Siku moja kabla, nyufa zilionekana ukutani. Benki na maduka ya ghorofa za chini yalifungwa. Washonaji wa ghorofa za juu waliamriwa warudi kazini asubuhi iliyofuata, kwa sababu oda zilikuwa na tarehe. Walikufa watu 1,134 na wengine zaidi ya 2,000 wakajeruhiwa. Kila ninaposoma habari hii huwa nasimama kwenye ile benki. Chini ya paa moja, nyufa zile zile, wengine walikuwa na uwezo wa kusema leo hatuingii.

Baada ya hapo vyama vya wafanyakazi na kampuni zinazonunua nguo walitia saini makubaliano ya usalama yenye nguvu ya kisheria, na viwanda zaidi ya 1,600 vikakaguliwa. Hilo ni jambo kubwa na linastahili kutajwa kila mahali Rana Plaza inapotajwa. Ujira nao ulipanda Desemba 2023, kima cha chini kikawa taka 12,500 (taka ni sarafu ya Bangladesh) kwa mwezi, lakini baada ya maandamano ambayo wafanyakazi walikuwa wakidai taka 23,000. Na mwaka 2020, janga la korona lilipofunga maduka, kampuni nyingi za nchi tajiri zilifuta au kusimamisha oda za mabilioni ya dola, nyingine zikiwa zimeshashonwa na kukunjwa tayari kwa meli.

Sisemi uache kununua shati jipya. Wanawake wale wanahitaji oda, na wao wenyewe wakiandamana hudai mshahara, hawadai viwanda vifungwe. Ninachosema ni kwamba shati jipya la bei ya chini kupita kiasi lina upungufu uliofichwa mahali fulani, na mara nyingi umefichwa kwa mtu. Kuhusu nguo za kuagiza kwa simu zinazokuja kwa vifurushi kutoka China, sina mengi. Udogo wa bei zake ulitegemea pia ushuru: Marekani iliacha vifurushi vya chini ya dola 800 viingie bila ushuru kuanzia 2016, ikaufuta mlango huo mwaka 2025, kwanza kwa bidhaa za China mwezi Mei, kisha kwa nchi zote mwezi Agosti. Na huwezi kukigusa kitambaa kabla ya kulipa, jambo ambalo kwangu linatosha kuikataa njia hiyo kwa nguo yoyote ninayotaka idumu.

Shati la mtumba: barabara ya kurudi

Neno lenyewe linasimulia. Mtumba ni furushi, mzigo uliofungwa. Wazambia huziita nguo hizi salaula, kwa Kibemba kuchagua kwa kupekua lundo. Waghana husema obroni wawu, mzungu amekufa. Waswahili wa zamani kidogo walisema kafa Ulaya. Lugha mbili zisizojuana zilifikia wazo lile lile: nguo nzima namna hii hakuna mtu angeitupa akiwa hai, lazima mwenyewe amefariki. Ukweli ni kwamba mwenyewe yu hai, amenunua nyingine.

Safari yake huanzia kwenye sanduku la msaada au duka la hisani huko Marekani, Uingereza au Ujerumani. Aliyetoa hakulipwa chochote. Shirika la hisani hubakiza zinazouzika kwake, na zilizobaki, ambazo ndizo nyingi, huuzwa kwa kilo kwa kampuni za uchambuzi. Uchambuzi hufanyika huko huko, au Poland, au Falme za Kiarabu, au Karachi nchini Pakistan, au Kandla nchini India. Wachambuzi, wengi wao tena wanawake, husimama mbele ya mkanda unaotembea na kuamua kwa sekunde chache: shati la kiume, daraja la kwanza, sweta, daraja la pili, hii vitambaa vya kufutia mashine. Kisha mashine hugandamiza kila aina kuwa robota, mara nyingi la kilo 45 au 55, na kontena linaanza safari.

Anayelinunua robota hulilipia likiwa limefungwa, na hapo ndipo penye uzito wa biashara hii. Kamba za plastiki zikikatwa, lundo lililobanwa huvimba taratibu kama unga uliotiwa hamira, na mwenye mali huanza kuingiza mkono ndani. Anazitafuta zile nzuri za juu, zitakazorudisha mtaji. Akikuta kola zimekwenda, kwapa zimekuwa za njano, zipu zimeng'oka, hana wa kumrudishia. Hasara ya nguo mbovu ambayo mchambuzi wa mbali aliipitisha inamwangukia yeye. Kwa hiyo fedha unayotoa kwa shati la mtumba humlipa huyu, na mbeba mzigo, na anayepiga pasi, na fundi anayepunguza kiuno. Aliyelishona Bangladesh au Honduras alilipwa mara moja tu, miaka mingi iliyopita.

Je, mitumba imeua viwanda vya nguo? Nimesikia hoja hii ikijibiwa kwa hasira pande zote mbili. Mchumi Garth Frazer wa Chuo Kikuu cha Toronto aliipima katika utafiti wa mwaka 2008, akakuta nguo zilizovaliwa zinaeleza kama asilimia 40 ya kuporomoka kwa ushonaji wa nguo barani Afrika kati ya 1981 na 2000. Asilimia 40 ni kubwa, na inaacha 60 kwa sababu nyingine. Kwangu mimi hapo ndipo mjadala unapopaswa kuanzia: waliotetea mitumba wakubali ile 40, na walioilaani watueleze watafanya nini na ile 60, ikiwemo umeme wa viwanda na nguo mpya za bei ya chini kutoka Asia ambazo zingejaza pengo siku hiyo hiyo mitumba ikikoma.

Nchi zilipojaribu kufunga mlango ilionekana wazi kwamba hii ni biashara yenye wenyewe. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliafikiana kuondoa mitumba kufikia 2019. Rwanda ikapandisha ushuru wa nguo zilizovaliwa kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2.50. Chama cha wafanyabiashara wa nguo zilizotumika nchini Marekani kikalalamika kwa serikali yao, na nchi hizo zikaambiwa zinaweza kupoteza nafasi ya kuuza Marekani bila ushuru chini ya sheria ya AGOA ya mwaka 2000. Kenya, Tanzania na Uganda zilirudi nyuma. Rwanda ilikataa, na Julai 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye nafuu hiyo. Tumezoea kuiita mitumba misaada au taka. Hakuna serikali inayotetea taka kwa nguvu kiasi hicho.

Shati la fundi

Hapa njia ya fedha ni fupi kuliko zote. Unampa aliyekupima. Akikosea unamrudia, na anakufahamu kwa jina.

Lakini tusijidanganye kwamba shati hili liko nje ya barabara. China ndiyo muuzaji mkubwa kuliko wote wa vitambaa duniani, na kuna uwezekano mkubwa kwamba yadi zako mbili na nusu zimetoka huko au India. Uzi, vifungo, gamu ya kola (kile kitambaa kigumu kinachobandikwa ndani yake), hata cherehani yenyewe, vimevuka bahari. Kilichobaki mikononi mwa fundi ni ukataji na ushonaji, ile sehemu ambayo kwenye shati jipya ndiyo hubanwa zaidi. Kwa hiyo ukimlipa fundi vizuri umelipa vizuri mahali ambapo barabara yote hulipa vibaya. Ukianza kumwomba apunguze, apunguze tena, unafanya kwa mkono wako kile ambacho mnunuzi mkubwa hukifanya kwa barua.

Kasoro zake ni za kweli. Fundi huchelewa. Fundi mmoja alinikalishia suruali wiki sita, nikaenda kwenye shughuli na ya kuazima. Na ukikosea kitambaa, hakuna ustadi wa kukiokoa. Kitambaa kipya cha pamba kinaweza kuruka kikifuliwa mara ya kwanza, na shati lililokukaa vizuri Jumamosi likakubana Jumatatu. Kiloweke, ukianike, ndipo ukipeleke.

Kudumu: yageuze ndani nje

Shati jipya nililo nalo lina mishono midogo, iliyobanana, na kingo zote zimepigwa ovaloki. Tatizo lake ni vifungo. Vimeshonwa kwa mashine ya mshono wa mnyororo, uzi mmoja unaojishika wenyewe, na ukivuta ncha yake kwa upande wake kifungo chote kinaachia kwa mvuto mmoja. Nimefanya hivyo kwa kile kifungo cha akiba, kikabaki kiganjani. Akiba ya kitambaa kwenye mshono wa ubavuni ni nyembamba kama upana wa ukucha, kwa hiyo ukinenepa halina pa kupanulika.

La mtumba limeshajaribiwa na mtu mwingine. Limefuliwa mara nyingi, kama ni kuruka limeruka, kama ni kuchuja limechuja. Unachokiona ndicho utakachokuwa nacho. Hiyo ni faida ambayo hakuna duka la nguo mpya linaloweza kukupa. Hata hivyo faida hii inapungua. Wauzaji wa mitumba wamekuwa wakilalamika kwamba marobota ya sasa yana nguo dhaifu kuliko ya zamani, na sababu ni ile barabara moja niliyoitaja: nguo mpya zikishonwa kwa kuvaliwa mara chache, zikifika kwenye robota zimeshaisha. Ukikuta shati la mtumba la miaka ya nyuma, kola yenye tabaka nene na mshono wa ubavuni uliokunjwa mara mbili, usiliache.

La fundi lina akiba nene pembeni, karibu upana wa kidole gumba kila upande. Mishono haijanyooka kama ya kiwandani, na mfuko umekaa chini kidogo kuliko ningependa. Ila hili ndilo pekee kati ya matatu linaloweza kukua na mwili wangu, na kola ikichakaa fundi huyo huyo anaifumua, anaigeuza upande wa pili na kuishona tena.

Likichakaa

Uzi wa pamba huoza. Polyesta haiozi kwa umri wa mtu. Taasisi ya Ellen MacArthur ilikadiria mwaka 2017 kwamba chini ya asilimia 1 ya nguo hurudi kuwa nguo mpya, na mchanganyiko kama wa shati langu jipya ndio unaosumbua zaidi, kwa sababu kuzitenganisha pamba na polyesta ni kazi ngumu. Panipat, India, hufanya ajabu yake na sweta za sufu: zinachambuliwa kwa rangi, zinararuliwa kuwa nyuzi, zinasokotwa upya kuwa mablanketi. Mashati hayana Panipat yake.

Mengi huishia pabaya. Karibu na Alto Hospicio, kwenye jangwa la Atacama nchini Chile, nguo zilizoingia kupitia bandari huru ya Iquique zikakosa mnunuzi zilirundikwa mchangani, na Juni 2022 rundo kubwa likawaka moto. Soko la Kantamanto mjini Accra, ambako maelfu hufua, hurekebisha na kuuza nguo hizi upya, liliungua mwanzoni mwa Januari 2025, na pwani ya mji huo husukumiwa na mawimbi nguo zilizosokotana kama kamba. Umoja wa Ulaya umezitaka nchi zake zikusanye nguo kando na taka nyingine tangu 1 Januari 2025. Zitakusanywa nyingi zaidi, na sehemu kubwa itatafuta pa kwenda. Kwa kigezo hiki peke yake, shati linaloshinda ni lile utakalolivaa muda mrefu zaidi, na kwangu hilo ni la fundi likifuatwa kwa karibu na la mtumba lililo imara.

Basi uchague nini?

Inategemea unanunua nguo gani, na hapa natoa maoni yangu bila kuyazunguka.

Nguo za ndani na soksi: mpya, za pamba, na usinunue za bei ya chini kabisa. Koti, jaketi la baridi, suruali ya jinzi: mtumba, bila kusita. Hizi hushonwa kwa kitambaa kizito kinachostahimili maisha mawili, na huwezi kupata ubora huo ukiwa mpya kwa fedha hiyo. Nguo za watoto: mtumba pia, kwa kuwa mtoto hukua kabla nguo haijachakaa, hivyo aliyeivaa mwanzo hakuimaliza. Sare na nguo zinazotakiwa kufanana kwa watu wengi: mpya za kiwandani, maana hapo ndipo usawa wa mishono yao unapokufaa. Suruali ya kitambaa, gauni, na shati la kazini utakalolivaa mara mbili kwa juma kwa miaka: fundi, pamba tupu au iliyozidi sana, na kitambaa ukinunue mwenyewe baada ya kukijaribu kwa kiberiti.

Ukiwa na fedha ya shati moja la fundi au matatu mapya ya bei ya chini, nunua moja la fundi na moja la mtumba kwa fedha itakayobaki, hata ikibidi usubiri mwisho wa mwezi. Ukishindwa kabisa kusubiri, nunua jipya, lakini kaa nalo dakika tano kabla ya kulipa: vuta mshono wa bega kwa mikono miwili uone kama mwanga unapenya kati ya nyuzi, na kunja kola kwa nguvu uone kama gamu inatoa mapovu.

Lile la Bangladesh lililo mezani sitalirudisha. Lina vifungo saba mbele na viwili mikononi, na jioni hii nitavikaza vyote kwa sindano na uzi kabla sijalivaa mara ya kwanza.